Mwanamke Aliyenizuia Kung'oa Jino la Tatu

Mheshimiwa mwakilishi wa Gavana, Mheshimiwa Médecin Directeur, mkuu wa hospitali yetu, Padri wetu, wazazi mliotoka Makiso na ninyi mliopanda mtumbwi wa motori tangu Isangi, na wewe mwenye siku hii, Mama Kavugho: jambo yenu wote.

Nimeombwa nimsifu Mama huyu, fundi wetu wa maabara, anayestaafu baada ya miaka thelathini na mmoja. Siwezi kumsifu bila kukiri kosa langu.

Miaka minane iliyopita Papa Dominique, mvuvi wa Isangi, aliniletea binti yake Aimée, mwenye miaka sita, taya limevimba. Mimi daktari wa meno nikang'oa jino. Uvimbe ukazidi. Nikang'oa la pili. Nilikuwa nimeshika koleo kwa la tatu Mama Kavugho aliposimama mlangoni.

“Docteur, acha ile jino. Hii haiko ugonjwa ya meno. Unipe kipande ya nyama.”

Nilikasirika. Nani alimwita? Nikakata kipande ili tu aniondokee.

Siku chache baadaye aliniita kwenye darubini. Niliona nini, ndugu zangu? Chembe nyeusi zimesongamana, na kati yake madoa meupe yametapakaa. Anga lenye nyota, ndani ya taya la mtoto!

Ndipo akanieleza kwamba ile ilikuwa saratani, na kwamba virusi vinavyoweza kuileta havikai popote tu. Kimoja huingia ini. Kingine hushika ngozi laini ya mlango wa kizazi, na ya koo pia. Kingine hukaa kwenye utando wa ndani wa mishipa ya damu. Na hiki cha Aimée? Huingia kwa mate, hupita kooni, kisha hujificha ndani ya chembe nyeupe za damu, wale wale askari wanaotulinda.

“Karibu sisi wote tuko nacho, docteur, na tutazeeka nacho bila shida.”

“Basi kwa nini huyu mtoto?”

“Malaria ya kila mara inakisaidia. Zaidi ya hapo, sijui. Kila siku ninashangaa.”

Mwanamke aliyekuwa ametazama maelfu ya vipande vya miili yetu bado alikuwa anashangaa; na mimi, niliyetazama meno tu, nilidhani ninajua!

Aimée hakupasuliwa. Alitiwa dawa kwenye mshipa, na kabla ya wiki mbili kwisha uvimbe ulikuwa umeshuka hata baba yake akalia mbele yetu. Nilimwomba Papa Dominique msamaha. Alinishika mkono. Leo binti huyo yuko sekondari.

Tangu siku ile sing'oi jino kwenye taya lililovimba kabla maabara haijasema. Watoto saba wamepitia njia hiyo. Watano wako hai. Wawili tulichelewa, na Mama Kavugho angali anataja majina yao kila Jumapili kanisani.

Mama, umetufundisha kutazama kabla ya kukata. Kwa niaba ya watano hao, na ya wawili wale, aksanti sana.

Nanyi nyote mlionivumilia hadi hapa, asanteni kwa masikio yenu.