Dada Yetu Aliyenyimwa Mwezi

Ndugu, jamaa, majirani na wafanyakazi wenzake, mimi ni mdogo wake wa kumfuata, na familia imenituma niwasomee maisha ya dada yetu, mwanaanga, ambaye alipokuwa hai alinikataza katakata kuja kusimama mbele za watu na kusema kwamba aliondoka akiwa ameridhika.

Dada alizaliwa Jumanne tarehe 9 Juni 1964, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya baba yetu, mchomeleaji vyuma, akiwa wa kwanza kati ya watoto wanne, na marehemu mama alikuwa akisimulia kwamba alijifunza kutembea kwa kushikilia mageti ya watu yaliyokuwa yakisubiri rangi.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1977, akaingia sekondari ya wasichana ambako fizikia haikufundishwa, naye akawa anavuka barabara kwenda kuisoma katika shule ya wavulana, mpaka mwaka 1980 mwalimu mkuu alipomsimamisha masomo kwa utoro, ndipo baba akaenda ofisini kwake na ovaroli la kazi, akamwambia, "Mwalimu, huyu hajatoroka shule, ametoroka kwenda shule." Alirudishwa, na mwaka 1988 akahitimu uhandisi wa mitambo.

Mwaka 1989 aliajiriwa kuwa mhandisi wa injini za ndege, akajifunza urubani jioni baada ya kazi, akachaguliwa kuwa mwanaanga mwaka 1996, na akaenda mara mbili, mwaka 2001 na 2006, kukaa katika kituo kinachoizunguka dunia, na hiyo mara ya pili alitoka nje ya kituo kutengeneza paneli ya umeme wa jua, kazi ambayo alituambia kwa simu ni kama kubadilisha balbu ukiwa umevaa godoro.

Tarehe 14 Desemba 1991 alifunga ndoa na shemeji yetu, muuguzi, na shangazi wa bwana harusi alipouliza nani atalea watoto mama akiwa angani akirusha ndege, shemeji alimjibu, "Kwani mimi nimekatwa mikono?" Walijaliwa binti, ambaye leo ni daktari wa mifugo, na kijana wa kiume, fundi wa lifti, wote wamelelewa vizuri na mikono hiyo.

Lakini kiu yake ilikuwa Mwezi, na hapa nimeagizwa nisirukeruke. Mwaka 2013 alichaguliwa kuwa mmoja wa watu watatu wa kwenda kutua huko, na Mei 2015, wiki ya kuondoka, wakiwa kwenye majaribio, aliona vali ya mafuta ya chombo cha kutua inachelewa kufunga, wakubwa wakamwambia hitilafu hiyo ni ndogo, wakamsihi asiwaharibie siku, naye akawajibu, "Naitaka safari hii kuliko nyote mliomo humu, na bado siendi, wala hawa wenzangu hawaendi, mpaka vali hiyo ifunguliwe ikaguliwe." Ilifunguliwa, ikakutwa ina ufa, safari ikaahirishwa. Kikosi kipya kilipotangazwa mwaka 2017 jina lake halikuwemo, akaambiwa anatafutwa mtu anayeelewana na watu.

Mwaka 2018 mwanafunzi wake, mwanaanga kijana aliyemfundisha kazi, ndiye aliyetua Mwezini, na sauti iliyomwongoza kutoka huku duniani ilikuwa ya dada yetu, kisha watu wakishangilia yeye alitoka akaenda kwenye korido akalia, na waandishi wa habari walipomsifu kwa uvumilivu aliwaambia, "Msiniite mvumilivu, nimeudhika, nilistahili kwenda, na kesho naomba tena." Aliomba kweli, mwaka 2021 akafaulu vipimo vyote vya afya, wakamwambia ni umri, akawauliza umri huo umefeli kipimo kipi.

Agosti 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akafanyiwa upasuaji, akawa anapanda ngazi za wodi ameinua dripu yake mkononi, akisema anajiweka tayari, mpaka tarehe 3 Februari 2025 asubuhi alipofariki dunia, mkono wake ukiwa katika mkono wa shemeji.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliochoka kumwambia akalale, majirani mliotupikia na kutubeba, na wakubwa wa idara ya anga mliokuja na shada, ingawa familia haitasema mlimtendea haki, kwa sababu hamkumtendea. Na miongoni mwa wenzake tuliowaona hapa wapo wawili ambao mwaka 2015 walikuwa wapande naye chombo kile, mmekuja na wake zenu, mmekuja na watoto wenu, tunawaomba msimame, tuwaone.

Pumzika kwa amani, dada, kama utakubali kupumzika.