Mzee Nthiga na Nguva Ambaye Hakumpata

Tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, Mzee Elphas Nthiga anavua koti jeupe na kurudi kwenye majani chai yake kule Kibugu. Tumeambiwa tuandike kwa furaha. Tutajaribu.

Aliajiriwa kuosha chupa katika maabara yetu hapa Embu, enzi tulipopima udongo wa wakulima tu. Akasoma, akapanda cheo, na miaka kumi ya mwisho akakabidhiwa maji ya bahari. Wageni hushangaa: bahari na Embu wapi na wapi? Ni hivi: kila kiumbe cha baharini huacha mabaki majini, ute, magamba, kinyesi, na ndani yake mna DNA. Maji huchotwa na kuchujwa pwani, kisha machujio huletwa kwetu yakiwa kwenye barafu. Mzee Nthiga aliweza kukuambia ni kasa, pweza au samaki aitwaye taa aliyepita pale, bila kumwona. Kijijini walimwita Baba Samaki, na walilalamika kwamba hajawahi kuwaletea hata mmoja.

Aliyemtafuta kuliko wote ni nguva, mnyama mpole anayekula nyasi za baharini. Waliobaki ni wachache mno. Aliyemchotea Mzee maji ni Peninah Wanjira, mzaliwa wa Runyenjes, mwenzetu aliyehamia pwani kwa kazi hiyo. Kila msimu alichota katika ghuba moja ambako wavuvi walisema nguva bado yupo, na kila msimu majibu yalikuwa hakuna. Kisha Peninah akapatikana na saratani. Maji aliyochota kabla ya kulazwa yakawa ya mwisho kwake.

Wakati huo akina mama wa kanisa la Kibugu, ambao Mzee alikuwa amewapa nguva kama ombi la sala, walimtembelea kazini na uji na ndizi. Mgeni kwetu haondoki hivi hivi. Mzee akawafungulia kichupa chenye kipande cha nyama ya nguva tunachotumia kulinganishia, wakakitazama na kumsifu Mungu. Akanawa mikono, akarudi kazini na koti lilelile.

Majibu yakatoka: nguva yupo. Tulipiga makofi. Mzee alimpigia Peninah simu hospitalini, na wote wawili wakalia kwa furaha. Kesho yake ndipo alipoangalia majibu ya maji safi, yale tunayopima sambamba ili kujua kama tumechafua kitu. Nayo yalionyesha nguva. Alikuwa ametoka kwenye mkono wa koti la Mzee, si baharini.

Wengine ofisini walimsihi anyamaze, Peninah aondoke na furaha yake. Mzee hakubishana na mtu. Alisafiri hadi Kilifi, akaketi kando ya kitanda, akamwambia. Baadaye alituhadithia jibu lake: “Pole, Mzee. Najua vile umeumia. Sasa mchote tena, na hao wamama muwapee chai huko nje.” Tulimzika Peninah Runyenjes mwezi huohuo.

Tangu hapo Mzee, ambaye hajui kuogelea, alienda kuchota mwenyewe, akivaa jaketi la kuokolea kabla hata hajafika ufukweni. Kipimo chake cha mwisho kilitoka wiki jana. Maji safi yalikuwa safi. Maji ya ghuba nayo hayakuwa na nguva. Alisoma majibu kwenye mashine, akasema, “Hayuko,” kisha akaizima. Ilituuma, na hatutajifanya haikutuuma.

Mzee, asante kwa mikono yako na kwa uvumilivu wako nasi. Tunakutakia afya, mvua ya kutosha na mapumziko marefu pamoja na mkeo, Mama Njiru. Ghuba ile tutaendelea kuichota. Tukimpata nguva, tutakupigia simu baada ya kukagua maji safi. Na tusipompata, tutakupigia pia, tukuambie hivyo.