Supachaja ya Mzee Abrahamu

Ukitoka stendi ya Lushoto ukaishika njia ya Magamba, kabla hujaanza kuhema utaona gereji ya mabati, na mbele yake kiti cha nyuma cha Land Rover ambayo yenyewe ilishasahaulika. Hicho ndicho kijiwe. Wenyewe wanakiita Bungeni, kwa sababu kila mtu husema na hakuna linalotekelezwa. Pembeni hukaa Imelda, mke wa fundi mwenye gereji, na jiko lake la mkaa, birika la kahawa, vikombe vidogo na sinia la kashata. Biashara yake hushamiri watu wanapobishana, maana mbishi hukauka koo, na Jumanne ile ya ukungu makoo yalianza kukauka mapema. Lakini Imelda hakuwa na raha. Miguuni pake, ndani ya kapu la mkaa, alikuwa ameficha pistoni yenye tundu, kaiviringisha kwenye kanga kuukuu, na kila aliyesogea kuchukua kashata alimfanya alivute kapu nyuma kidogo.

— Mimi nasema hivi, na sirudii, alisema Nassoro, ambaye kijiweni wanamwita Redio, na ambaye hurudia kila kitu. Yale mafuta ya Mombo yalichanganywa na mafuta ya taa.

— Maji, alisema Kristian, au Profesa kama anavyopenda kuitwa. Alisoma hadi kidato cha pili na mpaka leo husoma gazeti lolote lililofungia kashata. Waliweka maji, aliendelea. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Unaona? Yakishaingia kwenye tangi ndio basi.

— Profesa, hiyo methali ya tangi?

— Methali haina mipaka, Redio.

Aliyekuwa akitetewa na wote hao, Ulimboka, fundi mwenyewe, alikaa mwisho wa kiti akisugua plagi ambayo ilikuwa safi tangu asubuhi. Baba yake alitoka Tukuyu zamani kuja kuchuma chai kwenye mashamba ya Bumbuli, na Ulimboka alirithi kwake ukimya. Watu huuita ukimya ule heshima. Imelda, aliyeishi nao miaka yote, siku hiyo hakujua auite nini.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Mzee Abrahamu, mkulima wa kabichi kule Kwai, ana Mark Two ya zamani iliyotoka Japani na supachaja yake: ile pampu ya hewa inayozungushwa na mkanda wa injini, ikisukumia hewa ndani ili gari lipate nguvu kupita umbo lake. Ila huku juu hewa ni nyepesi, na gari lilikuwa likipanda Magamba kama mtu aliyebeba gunia la viazi. Mzee alikuwa akimwoza mwanawe Emanueli, na bibi harusi alikuwa wa kufuatwa Korogwe. Wakwe wana Prado. Mzee hakutaka Prado impite mlimani mbele ya ukoo mzima.

Basi Ulimboka akachongesha puli ndogo ili supachaja izunguke kwa kasi zaidi, akaongeza mafuta, akatega upya taimingi ya cheche, akalijaribu gari hadi Kwai na kurudi. Likapiga mluzi msituni hadi mbega wakatawanyika. Imelda alikuwa kiti cha mbele, amemwacha jirani alinde birika, akicheka kama msichana. Wiki nzima baada ya hapo hakumpa mtu kahawa bila kumwambia kwamba mkoa mzima wa Tanga hauna fundi kama mumewe.

Jumamosi gari lilishuka salama, maana kushuka hakuhitaji nguvu. Likaenda Korogwe taratibu na maua yake, likampakia bibi harusi, likarudi Mombo likajaza mafuta. Pale mlima unapoanza, Mzee akaiona Prado kwenye kioo, akakanyaga. Injini ikagonga kama debe la mawe, ikatoa moshi, ikafa. Lucy binti wa watu akaingia Lushoto juu ya fuso la kabichi, vigelegele vikamkuta akitoa majani kwenye shela.

Jumapili baada ya ibada Ulimboka alifungua injini. Alikaa ameinama, kisha akamwambia mkewe, bila kumtazama, kwamba ni yeye. Alikuwa ameitega kwa hewa ya huku juu. Kule chini hewa ni nzito, tena ya moto. Supachaja ilimeza hewa nyingi kuliko mafuta aliyoipimia, injini ikajiunguza. Hakuwahi kuishusha Mombo kuijaribu. Akampa pistoni aifiche, kwa kuwa fundi yeyote akiiona angeuliza kwanza nani aliyeigusa injini hii. Na Jumatatu, Mzee Abrahamu alipokuja amefura, Ulimboka alisema tu: “Labda mafuta nayo.” Redio alikuwa amekaa hapo hapo.

— Fundi wetu huyu hakosei, aliendelea Redio. Nilimpigia bosi wa kile kituo mimi mwenyewe. Nikamwambia, kijana wako Hafidhi, yule wa pampu, ametutia aibu wilaya nzima. Jana ile ile akamrudisha nyumbani.

— Umefanya vizuri, alisema Mzee Abrahamu, aliyekuwa amerudi tena kijiweni. Alikuwa amevaa bado viatu vya harusi, vikiwa na tope. Dawa ya moto ni moto, akaongeza.

— Na haraka haraka haina baraka, alisema Profesa. Ndiyo maana gari liliungua. Lilikwenda polepole mno kutoka Korogwe, mafuta yakachacha.

— Petroli inachacha?

— Kwa joto la Mombo hata chumvi inachacha!

Wakacheka. Ulimboka naye alicheka kidogo, na kicheko kile kilimwingia Imelda kama mwiba wa mchongoma. Akatia mkaa kwenye jiko bila sababu. Alitaka kumwambia mumewe kitu, akakumbuka ni yeye aliyetangaza sifa kwa vikombe vyote hivi. Angeanzia wapi kuzirudisha?

Wakati huo akatokea mwanamke wa makamo, amejifunga mtandio, viatu vya wazi visivyofaa baridi ile, mkononi ameshika mfuko mzito. Akasimama akihema.

— Hodi jamani. Hamjambo?

— Hatujambo, shikamoo mama, walijibu, na Mzee Abrahamu, aliyelingana naye umri, akampa mkono. Profesa akamsogezea nafasi.

— Onga mshi, mama. Karibu. Mgeni njoo mwenyeji apone.

— Mimi Kishambaa changu ni cha kuombea maji tu, alisema mwanamke, akakaa. Nimetokea chini.

Imelda akammiminia kahawa. Mwanamke akakishika kikombe kwa mikono miwili apate joto.

— Tunazungumzia jambo zito, mama, Redio alimweleza, maana hawezi kumwacha mgeni bila habari. Harusi ya huyu mzee iliharibiwa na mtu wa pampu. Sasa sikilizeni, nimepata mpya. Si mafuta ya taa. Si maji. Ni sukari.

— Sukari! alishtuka Mzee.

— Sukari ndani ya tangi. Na kwa nini? Yule Hafidhi alikuwa anamtaka bibi harusi.

— Wewe Redio!

— Lucy si wa Korogwe? Korogwe na Mombo kuna umbali gani? Kijana amekaa pale kwenye pampu, anaona magari ya watu wanaooa. Anamwona msichana wa ndoto zake na shela. Moyo unamvunjika, anachomoa sukari mfukoni.

— Mtu anatembea na sukari mfukoni?

— Mwenye wivu anatembea na chochote.

— Chelewa chelewa utakuta mwana si wako, alisema Profesa kwa uchungu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo methali yake ilikaribia kukaa mahali pake.

— Tena nakwambia, Redio alizidi kupanda, hakuwa peke yake. Nani alitaka Mark Two ife? Mwenye Prado! Wakwe ndio waliomtuma.

Mzee Abrahamu akapiga paja.

— Nilijua! Nilimwona yule kijana anavyocheka anapofunika tangi!

— Alikuwa anacheka? aliuliza mwanamke.

— Alikuwa anacheka, mama! Ati “hongereni kwa harusi, Mungu awafikishe.” Mnafiki! Mtoto asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

Mwanamke akatikisa kichwa taratibu, kama anayepokea mahesabu ambayo hakuyaelewa. Imelda alimtazama usoni, akaitazama ile mikono iliyokumbatia kikombe, ambacho kahawa yake ilikuwa haijanywewa. Alijua mwanamke yule ni nani kabla hajasema. Akamgeukia mumewe. Ulimboka alikuwa ameacha kusugua plagi.

— Samahanini, alisema mwanamke. Mimi gari silijui, naomba nielimishwe. Siku hiyo mlikuwa na gari hilo moja tu?

— Wapi! Msafara, mama. Mark Two, Prado ya wakwe, na Noah ya wapambe.

— Hiyo Noah nayo ni ya petroli?

— Ya petroli.

— Ilijaza pale?

— Ilijaza, alisema Mzee Abrahamu. Nyuma yangu tu.

— Pampu ile ile?

— Ile ile.

— Mkono wa kijana yule yule?

— Yule yule, ndiyo.

— Basi yenyewe ilikufa wapi?

Ukungu ukapita barabarani. Pikipiki moja ikashuka imezima injini. Kila mmoja pale alikuwa ameichezea Noah ile ngoma mlangoni mwa kanisa, ikipiga honi mpaka ikamkera mchungaji. Profesa akafungua mdomo.

— Wahenga walisema, alianza. Wahenga...

Akaufunga.

— Mama Sefania, alisema Redio, akimtaja Imelda kwa jina la mwanawe wa kwanza, na sauti yake ilikuwa imepungua. Hebu ongeza kahawa.

Imelda akalinyanyua birika. Lilikuwa zito. Kahawa ikasikika ikicheza ndani.

— Imekwisha, alisema.

Hakuna aliyebisha. Bungeni, hilo lilikuwa jambo geni kuliko sukari kwenye tangi.

— Mimi ni Mwanaidi, alisema mwanamke. Hafidhi ni mwanangu. Nilikuja kuomba msamaha. Mtu akilaumiwa hadi watu wazima wanapiga simu kutoka Lushoto, nilisema labda kweli kuna kitu kafanya, ujana una mambo. Yeye kaapa usiku na mchana, nami nikamwambia nyamaza, huwezi wewe ukawa na haki dhidi ya wazee wale wote.

Akauweka mfuko kwenye kiti. Ulikuwa mchele, mpya, wa mashamba ya Mombo. Harufu yake ilishinda ya mkaa.

Imelda alisubiri. Alimpa mumewe muda ambao mtu humpa mtoto avae kiatu mwenyewe. Ulimboka alimtazama kwa macho ya kuomba siku moja zaidi. Siku hiyo Imelda hakuwa nayo. Akalivuta kapu, akafunua kanga, akaiweka pistoni kwenye sinia, katikati ya kashata, tundu likitazama juu.

— Baba Sefania, sema wewe. Mimi nimeshasema ya kutosha kwenye hivi vikombe.

Ulimboka akasimama, akavua kofia.

— Ni mimi, mzee. Mafuta hayakuwa na kosa. Supachaja niliiongeza huku juu, nikaitega huku juu, sikuishusha chini kuipima. Nililijua Jumapili. Jana nikasema vile kwa kuogopa. Mama, nisamehe.

— Kwa hiyo mimi, alisema Mzee Abrahamu polepole, mimi nimekaa hapa nikamtukana mtoto mbele ya mamaye?

Redio alikuwa akitazama simu yake kana kwamba ndiyo iliyopiga yenyewe. Mzee akaichukua mkononi mwake, akampigia bosi wa kituo, akaeleza, akaomba, akasikiliza. Sura yake ikashuka.

— Anasema nafasi kashampa mwingine. Ataangalia mbele ya safari.

— Nimesikia, alisema Mwanaidi. Akasimama, akakiweka kikombe kwenye kiti kikiwa kimejaa vile vile. Basi la kushuka naona linapakia. Mchele huo nilimletea bibi harusi, kwa aibu niliyodhani ni yetu. Hana kosa yule binti. Mpeni.

— Mama, ngoja kahawa nyingine ya moto, alisema Imelda. Ipo.

— Najua ipo, mwanangu. Asante.

Akaondoka na viatu vyake vya wazi, akikanyaga kwa uangalifu palipo na tope. Walimtazama hadi alipokata kona ya stendi. Mzee Abrahamu akaunyoshea mfuko mkono, akaurudisha. Profesa akasogea pembeni, mfuko ukabaki peke yake pale alipokuwa amekaa mgeni.

— Sasa huu ataubeba nani? aliuliza Redio.

Imelda alikuwa amekwisha kukimwaga kile kikombe na kukitumbukiza kwenye maji. Alisema bila kuinua kichwa:

— Baba Sefania, beba. Utampelekea Lucy mwenyewe, umwambie mchele umetoka kwa nani. Ukimaliza, teremka Mombo kwa Hafidhi. Huko ndiko kulikobaki kujaribiwa.

Ulimboka akauinua mfuko begani, akashika njia. Imelda akaendelea kuosha vikombe, hata vile vilivyokuwa safi.