Chupa Iliyofunguliwa kwa Mtoto Mmoja

Wapendwa mliokuja kuomboleza pamoja nasi, mimi Floribert, mdogo wake marehemu, nimetumwa na familia kuwasomea maisha ya dada yetu, na nitayasoma yote, hata yale ambayo yeye hakupenda yasemwe.

Mama Emérita Byukusenge alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 hapa Masisi, akamaliza masomo ya uuguzi mwaka 2000, akaolewa na Papa Séraphin Habumugisha tarehe 11 Agosti 2001, Mungu akawajalia watoto wanne, Élysée, Rosalie, Dusabimana na Estelle, na kwa miaka ishirini na minne akafanya kazi ya chanjo katika kituo chetu cha afya, akipanda na kushuka vilima hadi Kashebere, kisanduku cha barafu begani, vita ikiwepo, matope yakiwepo.

Alhamisi tarehe 7 Machi 2019 walikuja watoto wanne tu kwa chanjo ya surua, na chupa moja ina dozi kumi, ikishafunguliwa inatupwa baada ya saa sita, basi dada yetu, mtu wa kushika utaratibu kupita kiasi, akawaambia mama zao warudi Alhamisi ijayo, na mmoja wa wale wanne alikuwa Estelle wake mwenyewe, wa miezi tisa. Wiki ile tulikimbia risasi, surua ikatukuta kambini, tarehe 2 Aprili tukamzika Estelle, na mama yake hakutoa chozi, jambo lililotutisha kuliko kilio.

Tangu hapo alifungua chupa hata kwa mtoto mmoja, wakubwa wakamtaka ajieleze mara tatu kwa kupoteza dozi, na mara zote jibu lake lilikuwa lile lile: "Docteur, nilisha ambiaka wamama warudi Alhamisi."

Alhamisi iliyopita, tarehe 9 Oktoba 2025, presha ilimwangusha akiwa kazini, chupa imefunguliwa mezani kwa ajili ya mtoto mmoja, majirani wakambeba kwa kipoyi, machela ya miti, mpaka barabarani, akafikishwa hospitali ya Kirotshe, njia nzima akiuliza kwa ulimi mzito kama yule mtoto amechomwa sindano, na hakuna kati yetu aliyejua, akafariki Jumamosi tarehe 11 bila kujibiwa.

Tunawashukuru madaktari waliompigania, majirani waliompa mabega yao, na wafanyakazi wenzake, zaidi sana Mama Geneviève, aliyebaki kituoni akilia na kumaliza kazi.

Dada, Mama Nyiraneza amekaa hapa mbele na mtoto wake, yule uliyemuulizia, mgongoni. Alichomwa. Pumzika kwa amani.