Mkanda Haupigi Hodi

"Gari langu liko gereji, nabadilisha mkanda wa taimingi, ule wa ndani ya injini," mama aliyekaa mbele yangu alimwambia jirani yake, mzee fundi cherehani. Basi zima tulishajua kazi ya mzee huyo, ingawa hakuna aliyeuliza.

"Umekatika?"

"Bado. Safari hii nimeuwahi."

Mzee akacheka. "Mwanangu, kizima hakibadilishwi. Mkanda wa cherehani yangu nauacha mpaka ukatike, nafunga mwingine, naendelea kushona."

"Cherehani ikizima, baba, nguo inasubiri. Mimi gari nililinunua mkononi mwa mtu, sikujua mkanda wake una umri gani. Ukakatika mlimani, bila hata mlio, injini ikafa. Nyuma nimempakia mdogo wangu, ana uchungu wa kuzaa."

Mzee akaacha kucheka. "Ehe, ikawaje?"

"Akasimama mtu na lori la mchanga. Akampa mdogo wangu kiti cha mbele, kando yake, akaendesha kama amebeba mayai. Mtoto alilia tukiwa ndio kwanza tunaingia getini hospitali. Kugeuka nishukuru, lori halipo. Jina lake silijui mpaka leo, lakini kila nikimbeba yule mtoto namwombea dua."

"Mungu amzidishie," mzee alisema taratibu. "Lakini mkanda mzima, mwanangu, kuutupa..."

"Baba!"

"Mwisho wa gari!" kondakta akaita. Wakashuka wakibishana, mzee amembebea kikapu.