Jandoni Nilitoka, Densi Sikuiacha

Ndugu zangu, niacheni nisimame, mguu ukichoka nitakaa. Na nyinyi akina mama wa kwaya, msianze kulia kabla sijasema kitu.

Nimezaliwa hapa Boito, katikati ya majani chai. Mama akichuma, mimi niko kwa barabara ya shamba nawachezea wachumaji mpaka supavaisa anafoka. Utotoni kila mtu alinipigia makofi. Shida ilikuja nilipotahiriwa.

Mnajua kwetu. Ukitoka jandoni wewe ni mwanaume, huchezi tena na watoto. Mimi nikatoka Desemba, na Krismasi nikasimama mbele ya kanisa na watoto wa sande skuli, tukadensi. Nilidhani ikiwa ni ya Mungu haina neno. Wee!

Vijana wa rika langu, tuliotahiriwa pamoja, walinivizia njiani. "Umetuaibisha sisi wote! Unakata kiuno na watoto?"

Nikawajibu vibaya, maana huu mdomo wangu haujui kunyamaza. Wakaniangusha. Mateke ya mbavu, mateke ya uso, nikameza damu pamoja na jino. Mmoja akasema, "Ni hii miguu inamsumbua." Akashika rungu, akapiga goti mpaka nikasikia mfupa ukivunjika. Aki, nilimlilia mama kama mtoto mchanga.

Baba alikuja hospitali, akaniangalia, akasema walifanya vizuri. Nawaambia ukweli, hiyo iliniuma kuliko rungu. Nilitaka kufa.

Shangazi yangu kutoka Sigor ndiye alimsukuma nje ya wodi. "Toka! Huyu naenda naye." Kwake, kila asubuhi alinikanda goti kwa maji moto, mimi namtukana, yeye anaimba. Siku moja mguu wenyewe tu ukaanza kufuata wimbo wake. Shangazi akapiga kelele, majirani wakaja mbio wakidhani nimekufa! Siku hiyo nilikataa kufa.

Leo nachechemea, lakini kila Jumamosi nafundisha watoto densi hapa hapa. Asante shangazi. Asante jirani yetu Mkisii, siku ile ulinibeba mgongoni mpaka hospitali nikikuchafua kwa damu. Wazazi, mtoto akicheza, mwacheni acheze.

Aliyenivunja goti ameketi kati yenu. Nilimsamehe, na jina lake sijalitaja. Lakini Jumamosi iliyopita binti yake alikuja na alama za fimbo miguuni. Ndugu yangu, Jumamosi hii atakuja tena. Nikiona alama mpya, jina nitalitaja.