Kifungo cha Tatu

Mama aliyekaa mbele yangu kwenye basi alikuwa ameshika picha kuukuu kama mtu aliyebeba mayai. "Nakwenda ofisi ya kumbukumbu," alimwambia mzee wa kando yake, ambaye hakuwa ameuliza. "Daftari lao limemwandika babu yangu kuwa dobi. Dobi! Hebu litazame koti hili, baba, uniambie kama huyu si hakimu."

Mzee alivaa miwani, akaikodolea picha mpaka nikadhani amesinzia. "Kifungo cha tatu," akasema. "Kina umbo la ua."

"Babu alipenda kujipamba."

"Hicho ni cha blauzi ya mama yangu, binti yangu. Cha koti kilipotea, akashona hicho. Baba akalipeleka koti kwa dobi, halikurudi. Akaambiwa limeliwa na panya."

Mama akailaza picha kifudifudi mapajani. Nami nikaacha kujifanya nasoma gazeti.

"Babu yangu hakuwa dobi," alisema, safari hii kama anayeapa.

"Sawa, hakimu. Na koti la mheshimiwa liliishia wapi?"

"Si lipo nyumbani! Kaka zangu wote watatu walilivaa siku ya kuoa." Alijiuma ulimi, lakini maneno yalishatoka.

Basi likasimama mbele ya ofisi ya kumbukumbu. Mama akashuka mbiombio bila kuaga. Mzee, ambaye alipopanda alimwambia kondakta anakwenda hospitali, akashuka nyuma yake, mkongojo ameubana kwapani.